Rangi ya Shamba, Rangi ya Tangi

Wasemaji wa mjadala huu nimewabuni. Hoja zao sikuzibuni. Mjomba ana shamba la mibiksa Kwale, kusini mwa pwani ya Kenya. Mpwa wake, binti wa dada yake, amesomea bayoteknolojia na kazi yake ya kila siku ni kuotesha seli za mimea ndani ya chupa. Nimewakutanisha kwa makusudi. Kwa Wadigo wa huko Kwale, zamani mali ya mtu ilirithiwa na wapwa wake, kwa hiyo binti huyu anayekuja na habari za rangi isiyohitaji shamba anazungumzia pia mali ambayo, kwa ada ya wazee, ilikuwa na njia ya kuishia upande wa mama yake.

Kwa asiyeijua biksa, wengine huiita mzingefuri. Ni mti mfupi unaozaa vishada vya maganda yenye miiba laini. Ukilipasua ganda, mbegu zake zina utando mwekundu unaoganda vidoleni na hautoki kwa sabuni ya mara moja. Wageni wanaotembezwa mashamba ya viungo Unguja hupakwa midomoni wakacheka, wakaendelea na safari. Viwandani ni rangi yenye namba E160b, ile inayoyapa majarini, siagi na jibini la Waingereza unjano wake. Peru, Brazil na Kenya zote zinaiuza nje.

Na soko linaitafuta. Tangu Julai 2010, Umoja wa Ulaya unataka chakula chenye mojawapo ya rangi sita za viwandani, tartrazini ikiwemo, kibandikwe onyo kuhusu utulivu wa watoto. Januari 2025 Marekani iliondoa kibali cha rangi nyekundu namba 3, eritrosini, na kuwapa watengenezaji wa vyakula mpaka Januari 2027 waiache. Rangi hiyohiyo ilikuwa imezuiwa kwenye vipodozi tangu 1990. Miaka thelathini na zaidi ilikuwa haifai mdomoni kwa nje na inafaa mdomoni kwa ndani. Sheria nazo zina vituko vyake.

Mjomba: Hebu nieleze polepole, maana huku habari imefika ikiwa imekwisha kuota mapembe. Wanasema mnachukua jani, mnalitia chupani, rangi inamiminika. Sisi na mashamba yetu tukale wapi?

Mpwa: Jani linaingia kweli, mjomba, lakini kipande cha ukubwa wa ukucha. Nakiosha kwa spiriti, kisha kwa dawa ya klorini, mpaka kila kijidudu kife. Nakilaza juu ya agari yenye sukari, chumvi za madini na homoni mbili tatu. Baada ya wiki chache, pale kwenye mkato linaota bonge. Si jani, si mzizi, si shina. Ni seli tupu zinazogawanyika. Tunaliita kalasi. Nikilivunja nikalitia kwenye maji yenye chakula kilekile, likatikiswa usiku na mchana, napata uji wa seli. Uji huo ndio unaoweza kuhamia kwenye tangi.

Mjomba: Uji mwekundu?

Mpwa: Mara nyingi mweupe.

Tusimame hapa kidogo, maana swali la mjomba limewala watafiti miaka mingi. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt alitoa wazo kwamba seli moja ya mmea ina uwezo wa kuuzaa mmea mzima, na mwaka 1958 F. C. Steward wa Chuo Kikuu cha Cornell akaonyesha hilo kwa seli za karoti. Lakini kuwa na maelekezo yote si kuyafuata yote. Biksa haiweki rangi yake popote tu. Inaiweka kwa wingi kwenye seli maalumu za utando wa mbegu. Kalasi haina mbegu wala utando, kwa hiyo haina sababu ya kuwa nyekundu. Bitiruti, zabibu na karoti nyeusi zina hiari zaidi: seli zake chupani hukubali kutengeneza rangi, ingawa hutaka kubembelezwa.

Mjomba: Sasa kama ni mweupe, kelele zote hizi za nini?

Mpwa: Kwa sababu kuna walioweza. Japani kuna mmea wa porini ambao mizizi yake inatoa shikonini, rangi nyekundu ya kuelekea zambarau. Walikuwa wakiitumia kutia nguo rangi na kutibu vidonda. Mmea unataka miaka kadhaa kabla mizizi haijawa na kitu cha maana, na hata hapo rangi ni kama asilimia 1 au 2 ya uzito wa mzizi mkavu. Porini ulikuwa umekaribia kwisha, wakawa wanaagiza China na Korea. Watafiti wa Kyoto, akiwemo Mamoru Tabata, wakaziotesha seli zake. Mwanzoni nyeupe vilevile.

Mjomba: Wakafanyaje?

Mpwa: Waligundua kwamba mwanga unaizuia rangi. Amonia nayo inaizuia. Hata ile homoni inayonenepesha seli upesi, nayo inaizuia. Lakini shaba kidogo inaiamsha. Basi wakagawa kazi mara mbili. Tangi la kwanza, seli zinashiba na kuongezeka. Tangi la pili, zinahamishiwa kwenye chakula kisicho na amonia, chenye shaba, gizani. Hapo zinaacha kuzaana na kuanza kutengeneza rangi. Mwaka 1983 kampuni ya Mitsui Petrochemical ikaanza kuiuza. Ndani ya wiki tatu hivi seli zilikuwa na shikonini zaidi ya asilimia 10 ya uzito wao mkavu. Tangi lao kubwa lilikuwa la lita 750 tu, na kila mkupuo ulitoa kama kilo 5. Kampuni ya vipodozi ya Kanebo ikaitia kwenye rangi ya midomo.

Mjomba: Lita 750! Hilo ni tangi la maji la nyumba moja hapa kijijini.

Mpwa: Ndiyo, mjomba. Shamba zima ndani ya tangi la maji.

Hadithi ya shikonini husimuliwa katika kila kitabu cha fani hii, na mara nyingi husimuliwa kama ahadi kwamba rangi nyingine zitafuata. Jambo moja huachwa pembeni: bei. Kilo ya shikonini wakati ule iliuzwa kwa zaidi ya dola 4,000. Kwa bei hiyo unaweza kuwalipa mafundi, umeme, maji yaliyochemshwa na kila pipa litakaloharibika, na bado ukabaki na faida. Tena shikonini hiyo ilikwenda kwenye midomo. Kwenye sahani haikupelekwa. Jibini haliwezi kununua rangi ya dola 4,000.

Mjomba, ambaye hajasoma vitabu hivyo ila ameuza mbegu kwa madalali maisha yake yote, analifikia jambo hilo kwa njia yake.

Mjomba: Sukari ya kulisha hizo seli mnaitoa wapi?

Mpwa: Dukani. Ni sukari ya kawaida ya miwa.

Mjomba: Kumbe shamba hamkuliondoa, mmelihamisha. Badala ya biksa mnalima miwa. Miwa ya Ramisi, hapahapa Kwale, ingezilisha seli zenu.

Mpwa: Kwa kiasi, ndiyo. Ila si sukari inayotuua, ni usafi. Seli ya mmea inachukua siku moja, mbili, hata zaidi, kugawanyika. Bakteria wa kawaida anaweza kugawanyika kila dakika 20. Mmoja akiingia kwenye tangi siku ya kwanza, ya tatu hakuna tena seli za mmea, kuna supu yake. Na tangi lazima lipulizwe hewa safi bila kukatika. Umeme ukipotea usiku mmoja, seli zinakosa pumzi.

Mjomba: Umeme wa hapa? Basi nimeshinda.

Mpwa: Hapa umeshinda, mjomba. Kwingine hapajaamuliwa. Ujerumani kuna matangi mpaka ya lita 75,000 yanayokuza seli za mti wa Taxus, kwa ajili ya paklitakseli, dawa ya saratani.

Mjomba: Dawa ya saratani ni bei gani, na rangi ya siagi ni bei gani?

Binti alinyamaza hapa, nami sikumwandikia jibu, kwa sababu swali la mjomba ni jibu tosha. Hesabu zilizokuwa zikipigwa miaka ya 1980 ziliweka mstari wa faida wa bidhaa za seli za mimea kwenye mamia ya dola kwa kilo. Rangi nyingi za chakula ziko chini sana ya mstari huo. Zafarani iko juu yake: kilo moja inataka maua kama 150,000, yote yachumwe kwa mkono. Ndiyo maana zafarani imejaribiwa chupani tena na tena, na biksa haikusumbuliwa sana. Tusidanganyane, lakini, kuhusu maana ya ushindi huu. Kinachomlinda mjomba na tangi ni kwamba kazi yake inanunuliwa rahisi. Yeye na jamaa zake wanakata vishada, wanaanika, wanapura kwa fimbo, wanapepeta, na mwisho wa yote mbegu inatoka kwa bei ambayo hakuna mashine inayotaka kushindana nayo. Ngome hiyo siipendi.

Mjomba naye haipendi, ila kwa sababu nyingine: anaijua historia.

Mjomba: Nakumbuka mkonge wa Tanga, ng'ambo ya mpaka tu hapo. Miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ndiyo iliyoongoza duniani. Walituambia dunia haiwezi kuishi bila kamba. Dunia haikuacha kamba, iliacha mkonge. Ikaja kamba ya plastiki. Sasa wewe unaniambia tangi lenu ni ghali. Plastiki nayo ilikuwa ghali siku ya kwanza.

Mpwa: Ni kweli. Hata nili ya India iliuawa hivyo. Kampuni ya BASF ilileta nili ya kiwandani mwaka 1897, na kabla ya miaka 20 kupita mashamba mengi ya nili yalikuwa yamekwisha. Lakini yapo na ya upande wa pili. Kampuni moja ya California, Escagenetics, ilitangaza kwamba italeta vanila ya seli, na watu wakawa na hofu kubwa kwa ajili ya wakulima wa Madagascar. Kampuni ikafilisika. Vanila ya Madagascar bado inachavushwa kwa mkono, ua kwa ua.

Mjomba: Kwa hiyo nisubiri mfilisike?

Mpwa: Usisubiri chochote. Hofu yako iko mahali pasipo pake. Unaogopa seli ya mmea, na hiyo ni mvivu. Ogopa hamira na bakteria.

Hapa ndipo ninapokubaliana naye kabisa. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science njia nzima ambayo biksa hutumia kutengeneza biksini. Mwanzo wake ni laikopini, ile rangi nyekundu ya nyanya. Vimeng'enya vitatu vinaikata na kuipamba mpaka inakuwa biksini. Waliziweka jeni za vimeng'enya hivyo ndani ya bakteria aliyekwisha kufundishwa kutengeneza laikopini, na bakteria akatoa biksini. Kidogo, lakini alitoa. Bakteria hana utando wa mbegu wa kusubiri. Hataki giza wala shaba, na anazaana kwa dakika. Anayeshindana na mkulima wa Kwale kesho, ikiwa atakuja, atatoka upande huo, na uji mweupe wa kwenye chupa za binti utabaki kuwa somo zuri la chuoni.

Mjomba anauliza kama rangi ya bakteria nayo itaitwa ya asili. Binti anasema itategemea nchi na sheria yake. Mjomba anasema hapo ndipo wakulima wangetakiwa kuwa na mtu wa kuwasemea, kwenye vikao vya kuandika sheria hizo. Hilo nalipitisha bila ubishi.

Mazungumzo yangekwisha kwa hofu kama asingeingia mke wa mjomba. Yeye hulima kidogo. Biashara yake ni mabuyu. Anayapika kwa sukari na iliki, anayatia rangi nyekundu ya paketi, anayauza karibu na shule. Watoto wa shule wa pwani unawajua kwa ulimi.

Mkazamjomba: Nyinyi mnabishana juu ya jibini la Wazungu. Nani anafikiria mabuyu yangu? Juzi mama mmoja kanisomea karatasi ya paketi, kaniuliza kama najua ninawalisha nini wanawe. Sikuwa na jibu. Nikimwambia mume wangu anipe biksa yake nitie, mabuyu yanatoka ya machungwa, na rangi inakatika.

Mpwa: Lazima ikatike, mkazamjomba. Ubuyu ni mchachu. Biksa ukiitoa kwa maji yenye magadi, inayeyuka vizuri; ikikutana na uchachu inajitenga na kuzama. Wewe unataka rangi inayopenda uchachu. Chukua choya, ile rosela nyekundu inayotengenezewa juisi. Rangi yake ni anthosiani, na kadiri kitu kinavyokuwa kichachu ndivyo inavyozidi kuwa nyekundu. Itie mwishoni, moto ukiwa umepungua, kwa sababu moto mwingi unaifubaza.

Mkazamjomba: Na hiyo choya inahitaji tangi?

Mpwa: Inahitaji ua wako wa nyuma.

Mkazamjomba: Na ile nyekundu ya yogati, inayosemekana ni ya wadudu?

Mpwa: Hiyo ni karmini. Inatoka kwa wadudu wanaofugwa juu ya mpungate, hasa Peru. Wanavyuoni wametofautiana juu ya uhalali wake. Kwenye paketi itafute kwa namba E120.

Mkazamjomba: Sitaki kutafuta namba. Nataka choya.

Akaondoka, na kwa dakika mbili zake alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko wenzake. Mjadala wa rangi za asili hapa kwetu huelekezwa nje kila mara, kana kwamba walaji wako Ulaya na sisi ni wa kupeleka gunia bandarini. Paketi za rangi za kiwandani zinaishia kwenye mabuyu, achari na viazi karai vyetu wenyewe, na hakuna anayebandika onyo kwenye mfuko wa mabuyu wa shilingi kumi.

Lakini nirudi kwa uoteshaji wa tishu wenyewe, maana umehukumiwa kwa kazi moja na una ya pili, ambayo mjomba anaiona kila siku kwa jirani. Migomba ya maabara imekuwa ikipandwa Kenya tangu miaka ya 1990: kichipukizi kimoja kisicho na ugonjwa kinazidishwa chupani mpaka miche mamia, yote ikifanana na mama. Hiyo haitengenezi rangi ndani ya tangi. Inatengeneza mti.

Mpwa: Mjomba, mibiksa yako yote ina rangi sawa?

Mjomba: Wapi! Kuna mmoja karibu na kisima, mbegu zake zikilowa unadhani ni damu. Mwingine hatua kumi kutoka hapo, mbegu zimefifia. Wote nilipanda mbegu za mti mmoja.

Mpwa: Kwa sababu nyuki walileta poleni ya miti mingine. Mbegu ya biksa haifuati mama. Kiasi cha biksini kwenye mbegu kinatoka asilimia 1 hadi 4 na zaidi, na mnunuzi mkubwa anapima biksini. Uzito wa gunia ni hesabu ya kwanza tu. Tukiuzidisha huo wa kisimani ukajaza ekari, kazi yako ni ileile na rangi ni maradufu.

Mjomba: Chupani?

Mpwa: Chupani inawezekana. Brazil wameotesha miche ya biksa kutoka vipande vya tishu.

Mjomba: Na nikikata tawi nikalichomeka ardhini?

Nilifurahi kumpa mjomba swali hili, kwa sababu wapenzi wa maabara huwa hawaulizwi. Biksa inakubali vipandikizi, na inakubali kubebeshwa. Mche wa tawi unafanana na mama sawasawa na mche wa chupa, na mzee mwenye kisu kikali, kivuli na mchanga wenye unyevu anaweza kuutoa bila agari wala klorini. Chupa ina faida unapotaka miche maelfu kwa mara moja, au unapotaka kuipeleka mbali bila kubeba magonjwa. Kwa wakulima wa kijiji kimoja, kitalu kinatosha. Binti alilikubali hilo upesi, na ndiyo sababu namwamini.

Mpwa: Vipandikizi vitatosha kwa kuanzia. Kazi yangu mimi itakuwa kupima: nichukue mbegu za kila mti unaousifu, nitoe biksini yake, nikuambie upi ni upi. Jicho linadanganywa na mwanga. Hata gunia likikaa juani mbegu zinafifia.

Mjomba: Pima. Lakini kabla hujakata tawi la mti wa kisimani, niambie: ukigundua kwamba ndio bora, miche itakuwa mali ya nani? Nimesikia kuna sheria ya mbegu inayompa haki mwenye kuandikisha aina mpya ya mmea.

Mpwa: Ipo, mjomba. Mwenye kuandikisha anaweza kudai malipo kwa wanaouza miche.

Mjomba: Basi chuo chako kikiandikisha, mimi nitanunua watoto wa mti wangu mwenyewe.

Mpwa: Inaweza kutokea. Ndiyo maana tuandikishane kwanza. Kwa jina lako, au la chama cha wakulima?

Mjomba: La chama. Mimi nikifa wanangu na wapwa zangu watagombana, chama kitabaki. Na bei ya mche iandikwe kwenye karatasi hiyohiyo, kabla dalali hajapata habari.